Yaya Aliyesoma Majina

Mwaka ule nilikimbiwa na mayaya watatu. Wa kwanza aliondoka na kanga zangu mbili. Wa pili aliolewa Kidahwe bila hata kuniaga. Wa tatu, ambaye ndiye niliyempenda kuliko wote, aliniambia waziwazi kwamba mtoto wangu analia kama honi ya meli na yeye masikio yake bado anayahitaji. Anayetaka kuelewa kosa nililolifanya baadaye aanzie hapo. Kichwa changu chote kilikuwa kimejaa yaya, na neno hilo likitajwa hata nyumba ya tatu mimi nilikuwa nimeshalisikia.

Tulikaa Rusimbi: mimi, mama yangu mzazi, binti yangu wa miaka tisa, yule mtoto wa kulia, mlizi wangu wa miezi minane, na mume wangu, ambaye simtaji tena kwa sababu hakuwa na mchango wowote katika habari hii na mwenyewe anajua. Kila asubuhi nilikwenda Ujiji na taipureta yangu, nikaketi kwenye baraza la duka moja la vitambaa, nikawaandikia watu barua. Maombi ya kazi, ugomvi wa mipaka ya viwanja, posa za watu wenye haya, vyote vilipita mikononi mwangu. Nilijivunia Kiswahili changu kupita kiasi. Kijana akiniambia "barua yangu kimeisha", sikumpa barua mpaka aseme vizuri, hata kama foleni imefika sokoni.

Miaka hiyo ndiyo miaka ya wakimbizi. Boti ziliingia ufukweni Kibirizi zimejaa watu na magodoro, na wengi wao wakapandishwa magari kwenda kambini upande wa Kasulu. Wenye jamaa mjini walijibanza kwa jamaa. Kwetu alikuja msichana mmoja kutoka ng'ambo, yaani Kongo, ambaye udugu wetu naye ulikuwa mrefu kiasi kwamba ukiufuata unaweza kupotea njiani: kuna shangazi, kuna mama mkwe wa shangazi, kisha kuna mtu aliyekufa zamani. Mama yangu hakutaka kuufuata. Alimtazama msichana miguuni, akaona amevaa ndala mbili zisizofanana, akasema, "Mana yanje, Mungu wangu, huyu ni wetu," akampa chumba cha uani.

Alikuwa na miaka ishirini na kidogo. Alipika sombe, yaani kisamvu, kwa mawese mpaka watoto wangu wakawa wanaitazama ya kwangu kwa huruma. Kitu kimoja tu kilinikera kwake, nacho ni Kiswahili chake, ambacho mimi nilikiona kama shati lililovaliwa nje ndani. Alikulia kusini kabisa mwa nchi yao, kwenye machimbo ya shaba, na huko maneno yao yamepita njia nyingine. Nilimsahihisha asubuhi, mchana na jioni. Naye, kwa adabu zake, alijibu "Ndiyo, mama," kisha akaendelea kusema vilevile.

Siku moja alinifuata mpaka barazani kwangu Ujiji, akasubiri wateja waishe, akaketi. Alikuwa amevaa vizuri, kama anakwenda kanisani.

"Mama," akasema, "minaomba munisaidie barua. Yaya yangu balimufunga. Balimutia mu buloko juu ya kusoma majina."

Buloko nililijua, ni jela. Mengine akanieleza. Katika mji wao, ambao nitaacha kuutaja, askari walikuwa wakichukua watu majumbani na watu hao hawakurudi. Watu sita wakaanza kukutana katika chumba kimoja nyuma ya kanisa na kuandika majina ya waliochukuliwa, kila jina na siku yake. Hawakushika hata fimbo. Siku ya soko mmoja wao alipanda juu ya kreti ya soda, akasoma majina yote kwa sauti, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, kisha akashuka. Huyo ndiye yaya. Walimkamata kabla hajairudisha kreti kwa mwenyewe.

Mimi machozi yalinilengalenga. Na nitasema ukweli, si machozi ya huruma peke yake, kulikuwa na wivu ndani yake. Watu wengine yaya wao anapanda juu ya kreti kuwasemea majirani, na wangu mimi anaiba kanga!

"Alikuwa nanyi muda mrefu?" nikauliza.

"Yeye ndiye alinikomalisha, mama. Baba na mama balikufa ningali mutoto. Alinibeba ku mugongo."

Nikaona picha yote. Wazazi wamekufa, yaya hakuondoka, akabaki kulea yatima bila mtu wa kumshukuru. Nikauliza swali la mwisho, kwa sababu barua ya mfungwa lazima iseme hali yake.

"Na huko ndani wanamtendeaje?"

Akainamisha kichwa. "Banamupika, mama. Asubui banamupika, magaribi banamupika." Akaanza kulia.

Nikashusha pumzi. Wanampikia asubuhi na jioni! Hiyo "-ia" aliyoidondosha nilimwekea mwenyewe kimoyomoyo, maana nilishazoea kumwokotea silabi. Kilio chake nikakichukua kuwa cha kumkumbuka mtu aliyemlea. Nikampigapiga begani, nikamwambia ashukuru Mungu, wako wafungwa wasiopata hata mlo mmoja. Alinitazama kwa mshangao mkubwa, akafuta machozi. Leo nikilikumbuka lile jicho alilonitazama nalo natamani ardhi ipasuke.

Anwani tuliipata kwa mtu wa ofisi moja ya wakimbizi: ilikuwa ya chama cha watu wa nchi za baridi wanaowatetea wafungwa waliofungwa kwa kusema tu. Barua ilitakiwa iwe ya Kiingereza. Nilikuwa na Kiingereza cha kidato cha nne na kamusi isiyo na jalada, na hivyo viwili vilinitosha kujiamini. Sasa, lugha yetu ina heshima zake, haimchunguzi mtu. Ukisema "alifungwa" umemaliza, hakuna anayekuuliza kama ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza ndicho chenye umbea huo, kinataka kujua kila mahali. Nikakijibu bila kusita: ni mwanamke. Jina la mfungwa lilikuwa la kabila lao, nami nisingeweza kujua ni la kiume au la kike. Nikaandika kwamba mwanamke mmoja mlezi wa watoto, mtumishi wa nyumbani mwaminifu, amefungwa kwa kusoma majina hadharani. Nikaongeza, kwa kutenda haki, kwamba anapewa chakula kilichopikwa mara mbili kwa siku. Niliisoma mara tatu. Nilijiona nimeandika barua bora kuliko zote tangu ninunue ile mashine.

Baada ya wiki nyingi likaja jibu, na ndani yake kadi moja ya mfano. Walisema kadi kama hizo zinatumwa na watu wao moja kwa moja kwa mkubwa wa lile gereza. Juu yake kulikuwa na mchoro wa mwanamke mnene amefunga kilemba, mtoto mgongoni, ameshika nondo za dirisha. Nikaibandika ukutani sebuleni. Msichana wetu akaja kuitazama. Aliitazama sana, akaisogelea, akarudi nyuma.

"Huyu ni nani, mama?"

"Si yaya wako huyo!"

Akasema kwa upole, "Bazungu banachora mubaya."

Nikamwambia asiwe mkosoaji, wamejitahidi.

Ukweli ulitoka Jumapili moja mchana, uani, na ulitoka kwa matusi. Yule mlizi wangu alikuwa anatambaa kuelekea jikoni. Msichana akamgeuza, akamwonyesha binti yangu wa miaka tisa aliyekuwa anasuka ukili na bibi yake, akamwambia kwa sauti ya kubembeleza, "Enda kwa yaya. Yaya yako ule pale."

Mori ukanipanda hapohapo. Mwanangu wa kumzaa, anayeshika namba darasani, anaitwa yaya ndani ya nyumba yangu! Nikasimama na mwiko mkononi. Nikamwambia msichana yule kwamba sisi hatujafikia kutumikisha watoto wetu, kwamba kama kwao ni desturi basi kwetu si desturi, na kwamba mwanangu si yaya wa mtu yeyote. Nilisema na mengine nisiyoyaandika. Mama yangu aliacha ukili akanitazama tu, maana ananijua, nikianza lazima nifike mwisho.

Msichana alisubiri nimalize. Kisha akasema, taratibu, kama anamweleza mtoto, "Lakini mama, si ni yeye alizaliwa wa kwanza?"

"Na akizaliwa wa kwanza ndiyo awe yaya?"

"Ndiyo. Wa kwanza ni yaya. Anayekufuata ni mudogo yako. Aliyekutangulia ni yaya yako."

Kwenye sufuria sombe ilikuwa inachemka peke yake.

"Kwa hiyo," nikasema, na mwiko nikaushusha, "yaya wako aliyefungwa..."

"Ni kaka yangu, mama. Mukubwa yangu. Ni mwalimu."

Mama yangu alicheka mpaka akalala kwenye mkeka. Alicheka akitaja kilemba, alicheka akitaja mtoto wa mgongoni, akasema mwana wanje, mwanangu wee, umemvalisha mwanaume wa watu gauni na kumpeleka Ulaya. Na mimi nilicheka, ingawa uso ulikuwa umenishuka. Msichana naye akaenda sebuleni kuitazama upya ile kadi, akarudi ameshika tumbo kwa kicheko. Tulikuwa wanawake watatu na binti yangu, tukicheka wote, na yule mlizi kwa mara ya kwanza maishani mwake akawa kimya.

Katikati ya kicheko kitu kikanichoma. Kama "yaya" si yaya, je, lile neno jingine?

"Uliniambia wanampika," nikasema. "Kupika kwenu ni nini?"

Alinyoosha mkono, akauchukua mwiko kwangu, akaupiga kwenye mkeka kwa nguvu zake zote, mara moja, vumbi likaruka. Halafu akageuza mguu wake, akaonyesha kwenye unyayo.

"Hii ni kupika, mama. Asubui na magaribi. Pa miguu."

Niliketi chini. Nilikuwa nimewaandikia watu wa dunia nzima kwamba mtu huyu anapikiwa. Nilimwambia dada yake ashukuru Mungu, kwa mdomo wangu huu unaosahihisha watu. Aibu niliyoisikia siku ile haikuwa ya kuchekwa. Ilikuwa ya kuogopa: kama yule bwana akifa kule ndani, itakuwa ni kwa sababu watu waliotaka kumsaidia walisoma barua yangu wakaona hali yake haina haraka.

Nikaitoa taipureta nikaiweka juu ya kinu kilichogeuzwa, palepale uani, Jumapili ileile. Safari hii sikumsahihisha hata silabi. Kila neno alilolisema nilimuuliza kwao maana yake nini, hata "jela", hata "maji". Alichoka. Aliniuliza kama naumwa. Niliandika kwamba ni mwanamume, ni mwalimu, ni kaka. Kwamba anapigwa nyayo asubuhi na jioni. Kwamba barua ya kwanza iliandikwa na mtu mjuaji asiyejua, na mtu huyo anaomba radhi. Kesho yake nilikuwa mlangoni kwa posta kabla ya karani wao.

Kisha tukasubiri. Sitaki kudanganya kwamba nilisubiri vizuri. Nilimgombeza kila mtu. Usiku niliota kreti ya soda. Msichana alikwenda Kibirizi kila boti ya ng'ambo ilipoingia, akawauliza watu, akarudi na habari zinazopingana: amehamishwa, amekufa, ametoroka, ameoa. Alipoambiwa amekufa hakupika wala hakula. Mimi nilimpikia, sombe mbaya ya kwangu, akaila yote, nami nikajua hali ni nzito. Ile kadi ya kilemba hakukubali iondolewe ukutani. Alisema hana picha nyingine.

Mvua zikapita. Siku moja, mchana kweupe, nikiwa barazani kwangu Ujiji, nikaona msichana anakuja na mwanamume mrefu, mwembamba, anayetembea kwa kingo za miguu, kama mtu anayekanyaga dagaa walioanikwa na hataki kuwaharibu. Nilijua ni nani kabla hajafika. Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nimeyatayarisha miezi mingi, kwa Kiswahili safi, na yote nikayasahau.

Akasimama mbele ya meza yangu. "Shikamoo, mama," akasema, na huenda alinizidi miaka kumi. "Minatafuta mutu mumoja. Ule aliniandika mwanamuke."

Nikanyoosha kidole, nikajionyesha mwenyewe kifuani. Akacheka. Alikuwa na meno machache kuliko ilivyotakiwa, na alicheka nayo yote.

Habari yake alitupa uani, akiwa amemketisha yule mlizi pajani, na ilikuwa hivi. Kadi zilianza kufika gerezani, kumi, halafu mfuko mzima, zote zinamtaka mkubwa wa gereza amwachie mama mlezi wa watoto. Mkubwa akatafuta upande wa wanawake, hakumwona. Akatafuta lile jina kwenye daftari, akamkuta mwalimu. Aliona ni kichekesho cha mwaka. Akamwita mbele ya askari na wafungwa wote, akamwambia, kumbe wewe ni mlezi, basi ulee. Akaleta kitoto chake mwenyewe, cha kike, kikafungwa kwa kanga mgongoni mwa mwalimu, na mwalimu akaamriwa azunguke uwanja mzima watu wamcheke. Wakacheka.

"Lakini mama," akaniambia, "nani atapika mutu mwenye mutoto ya mukubwa ku mugongo?"

Hakuna aliyethubutu. Askari waliogopa kumgusa, mtoto asije akashtuka. Mkubwa aliona mzaha ni mzuri, akaurudia kesho na keshokutwa, na mkewe akaona ni nafuu, maana na yeye mayaya walikuwa wanamkimbia. Hapo nilimwelewa kabisa yule mwanamke, Mungu anisamehe. Asubuhi mwalimu alifungiwa mtoto mgongoni, akatembea naye juani, na kumbembeleza alimbembeleza kwa wimbo aliokuwa nao kichwani: majina. Yale yale, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, polepole, kwa sauti ya chini. Alifungwa kwa kuyasoma, na mtoto wa mkubwa wa gereza akawa hapati usingizi mpaka asomewe.

"Kwa hiyo hawakukupiga tena," nikasema. Nilitaka sana iwe hivyo.

Akamsogeza mlizi wangu kwenye paja la pili. "Asubui, hapana," akasema. "Magaribi mama yake alikuja kumutoa." Akaanza kuzungumzia kadi za pili, zilizomtaja mwalimu na nyayo zake, jinsi mkubwa alivyoacha kucheka alipozisoma, na jinsi siku moja walivyomfungulia mlango bila maelezo. Wale watano wenzake walikuwa bado ndani. Hilo alilisema mara mbili.

Alikaa kwetu miezi kadhaa kabla ya yeye na dada yake kwenda kambini, na nadhani mmeshakisia kazi aliyoichukua, maana mimi nisingeweza kumwomba. Asubuhi nilipoondoka na taipureta, yeye alijifunga mlizi wangu mgongoni kwa kanga, akazunguka naye uani kwa kingo za miguu. Majirani walichungulia juu ya ua, mwanaume mzima na mtoto mgongoni. Mama yangu aliwaambia huyo ni yaya wetu kutoka Ulaya. Na yule mtoto aliyewakimbiza mayaya watatu alilala kama maji ya mtungini, akisomewa majina ya watu wa ng'ambo.

Wiki ya kwanza nilirudi siku moja kutoka Ujiji, jua linatua upande wa kwao. Nikamkuta amesimama karibu na jiko, mtoto amelala mgongoni. Nikaenda nyuma yake, kama mama yeyote anavyofanya, nikashika fundo la kanga nimfungue mwanangu.

Mwili wake wote ulikakamaa. Mikono yake miwili ilirudi nyuma ikamshika mtoto. Hakugeuka kunitazama. Alisema kwa sauti ndogo, ya mtu mwingine kabisa, "Mumuache kidogo. Minaomba, mumuache kidogo."

Nikakumbuka magharibi ya kule gerezani, mama wa mtoto akija kumtoa, nikaliachia fundo. Dada yake aliyekuwa anachochea moto aliinama zaidi, na mama yangu akajifanya anatafuta kitu kwenye mkeka. Nikamwambia, "Kaa naye, mwalimu. Hakuna anayemchukua." Nikaingia ndani nikavua viatu.

Tangu siku ile sikumfungua tena mtoto mwenyewe. Nilirudi, nikaketi kwenye kibao pale uani, nikasubiri. Alizunguka naye, akamaliza majina, akaongeza na matano ya wenzake waliobaki gerezani, na alipokuwa tayari alifungua kanga kwa mkono wake na kunipa mwanangu.